Mbao, Mashine na Jina

Mwezi ukijaa, dagaa hawavuliki. Ziwa zima limeangazwa, hivyo hawana sababu ya kukusanyika chini ya karabai wala taa ya sola ya mvuvi. Ndiyo maana katika mialo ya Muleba mkoani Kagera, zile fukwe za kuegeshea boti, za bara na za visiwani, Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe, kalenda ya wavuvi ina vipindi viwili tu: giza, ambalo ni kazi, na mbalamwezi, ambayo ni mapumziko kwa watu na nyundo kwa boti. Boti huvutwa nchi kavu, hulazwa ubavu, na kila mwenye ulimi hupata la kusema kuhusu boti ya mwenzake.

Sura hii inahusu hayo yanayosemwa. Mtu anayefufua boti ya zamani, awe mvuvi wa Nyamukazi pale Bukoba mjini au tajiri wa Ulaya anayeifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu, atafika mahali aulizwe swali moja la kuudhi: hii bado ni boti ile, au umetengeneza nyingine ukaipa jina la marehemu? Nijuavyo, wafufuaji hugawanyika hapo. Mmoja husema boti ni mbao zake. Mwingine husema ni mashine. Wa tatu hung'ang'ania jina. Kila mmoja akishachagua upande wake, humwona mwenzake tapeli.

Tuanze na mbao. Mtu wa pwani akija ziwani husema maji yetu ni mepesi, hayana chumvi. Fundi wa ziwani humwacha aseme. Chumvi hula chuma, lakini huilinda mbao, kwa sababu ukungu unaoozesha hauipendi. Ziwa Victoria ni maji baridi, na Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa mvua nyingi kabisa Tanzania. Maji hayo ya kutoka juu ni ya hatari kuliko ya ziwani. Hutuama ndani ya boti, chini ya mbao za kukanyagia, yakichanganyika na magamba na damu ya samaki, na uozo huanzia ndani ukaja nje. Utaikuta boti ina rangi mpya ya buluu na jina la mtoto wa mwenye nayo ubavuni, lakini mbavu zake ukizibonyeza kwa kidole gumba, zinaingia.

Kisha kuna mdudu. Baharini yupo mtoboaji mashuhuri anayemaliza majahazi, na ziwani hayupo. Tunaye wa kwetu, ambaye wanasayansi humwita Povilla adusta. Akiwa mchanga huishi majini, na kwa kuwa ana taya za kutafunia mbao iliyolowa, hujichimbia kijumba ndani ya nguzo za gati na matumbo ya boti. Akikomaa huota mabawa, huruka usiku mmoja, huzaa, hufa. Utafiti uliofanywa katika ziwa hili na kuchapishwa mwaka 1955 ulionyesha kwamba wengi wao hutoka majini siku chache tu baada ya mwezi kujaa. Yaani wadudu hawa huhama nyumba zao wakati uleule ambapo mvuvi amevuta boti ufukweni na kuinama kuhesabu matundu. Sidhani kama kuna fundi aliyepangiwa ratiba vizuri zaidi.

Zamani matundu hayakuwa na uzito wa namna hii. Mitumbwi mikubwa ya upande huu wa ziwa ilishonwa. Mkuku ulichongwa kwenye gogo moja, ncha yake ya mbele ikatokeza nje kama shingo, na mbao zikapandishwa juu yake moja baada ya nyingine, zikashonwa kwa nyuzi za mimea. Watu wa visiwa vya Ssese walisifika kwa ufundi huo, na makabaka wa Buganda waliitumia mitumbwi yao kwa vita na kodi. Ilivuja, ndiyo, palikuwa na mtu ambaye kazi yake safari nzima ilikuwa kuchota maji. Ila uzi ukioza unakata, unashona upya. Ubao ukioza unafumua, unaweka mwingine, na majirani wake hawaguswi. Chombo kilizaliwa kikiwa tayari kufumuliwa, kwa hiyo swali la ubao upi ni wa asili halikumsumbua mtu.

Mitumbwi hiyo imo katika kisa kibaya kuliko vyote vya Bumbire. Aprili 1875 Henry Morton Stanley alitia nanga kisiwani hapo kutafuta chakula. Mashua yake, Lady Alice, ilikuwa ya Kiingereza, iliyotengenezwa kwa vipande ili wapagazi waweze kuibeba. Wenyeji waliivuta nchi kavu na kuchukua makasia. Stanley na watu wake waliisukuma tena majini, waking'oa mbao za sakafu wakazifanya makasia, huku yeye akipiga risasi. Agosti mwaka huohuo alirudi na mitumbwi mingi ya Waganda, akasimama mbali na ufuko, mahali mishale isipofika, akaua. Mashua ya vipande na mitumbwi ya kushonwa vilikutana siku ile, na kilichoamua hakikuwa chombo bali bunduki. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wageni wanaosifu Lady Alice kama ufundi wa ajabu mara nyingi huishia kwenye ufundi.

Msumari ndio ulioleta ugomvi. Ubao uliopigiliwa hautoki bila kuumiza uliokaa nao, na mvule mzuri, mbao iliyopendwa kuliko zote kwa boti, umekuwa adimu na ghali. Basi mafundi wamekuwa madhehebu mawili. Kuna wa kiraka: kata palipooza, pachika kipande, ziba kwa pamba, funika kwa bati na lami, boti irudi kazini kabla giza halijaanza. Na kuna wa kung'oa: ubao mmoja ukiwa mgonjwa, toa mzima kuanzia mbele hadi nyuma, kisha utazame mbavu. Nimewasikia wakijibizana, mwenye boti kijana na fundi mzee, kwenye mwalo mmoja wa Muleba.

"Tata, toa hapa tu palipooza."

"Hapa tu ndiyo wapi? Uozo haufuati mstari uliochora wewe."

"Fundi wa kule ng'ambo aliniambia kiraka kinatosha."

"Mpelekee. Mwezi ukijaa tena utanikuta hapahapa."

Kijana alicheka, akakaa. Mzee hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba huyo fundi wa ng'ambo alijifunza kazi kwake, na kwamba kiraka alikijua kabla ya kujua kushika randa. Kila ninapokwenda naona hivyo: mshindani mkali wa fundi ni yule waliyewahi kula naye sahani moja.

Kwa mwenye boti, hata hivyo, mbao ni gharama ndogo. Mali ni mashine. Ziwani mashine maana yake ni injini ya kufungwa nyuma, na kwa miaka mingi iliyotawala ni Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15, 25 au 40, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Inapendwa kwa kuwa haina mengi ya kuharibika, na kinachoharibika kinafunguliwa kwa spana chache. Inapendwa na wezi vilevile. Majambazi wa ziwani mara nyingi huwaachia wavuvi boti yao na kuondoka na mashine, jambo linaloonyesha waziwazi wao wako upande gani katika mjadala wetu. Mvuvi mwangalifu huifungua jioni, akaibeba begani hadi nyumbani na kulala nayo chumba kimoja.

Mashine nyingi za zamani katika mialo yetu si mashine moja. Kichwa kimetoka kwa iliyozama, mguu umetoka kwa iliyopasuka, kabureta imenunuliwa Mwanza, na kifuniko cha juu chenye maandishi 40 kinaficha moyo wa 25. Mwenye nayo anajua, jirani anajua, na mnunuzi atajua. Mafundi wa kuchanganya hivi ndio walio karibu zaidi na kile kinachoitwa kwingine ufufuaji wa mapenzi, maana huendelea na kazi hata pale ambapo hesabu imekataa. Nimemwona mmoja akihangaika wiki nzima na mashine ambayo, kwa fedha ya vipuri alivyotia, angepata nyingine iliyo nzima zaidi. Alitaka iwake tu. Wenzake walipita kila jioni kumuuliza hali ya mgonjwa.

Siri zao ni za kweli. Mashine ikizama, mjinga huitoa majini, huifuta, huiacha juani ikauke na kumtafuta fundi kesho yake. Kesho yake imekufa, kwa sababu kutu huanza pale maji na hewa vinapokutana kwenye chuma kilichooshwa mafuta. Anayejua huiacha ndani ya maji baridi masafi hadi fundi afike, au huifungua palepale: toa plagi, mwaga maji, tia oili, zungusha, rudia, kisha iwashe siku hiyohiyo na kuiacha ifanye kazi muda mrefu. Anayejua zaidi hutazama pia impela ya mpira inayovuta maji ya kupoozea, kwa sababu mchanga wa mialo huila taratibu, na mashine nyingi zinazosemwa zimechoka zimeungua tu. Ila kurekebisha kabureta hutaonyeshwa. Fundi huifungua akiwa amekupa mgongo.

Katika mambo ya mashine, wafufuaji ninaowaheshimu kuliko wote walifanya kazi yao kabla chombo hakijazama. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako ilishushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani, wakiwa wanaondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe. Lakini mainjinia wa kiwanda, ambao walikuwa wameiunganisha kwa mikono yao, kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924 wakakuta mashine na matangi ya mvuke bado yanafaa, na Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mashine zenyewe zilikuja kutolewa katika miaka ya 1970 na kuwekewa dizeli. Waliozipaka grisi wangelalamika, nadhani. Abiria wa Kigoma hawakulalamika.

Hapo ndipo jina linapoingia, na kwa mtu wa Bukoba jina ni Victoria.

Meli hiyo iliundwa na Yarrow, kiwanda cha Glasgow huko Uskoti, kwa ajili ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Ilifungwa, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko, na ilianza kazi mwaka 1961, wakati wa ukoloni kukunja mkeka, ikiwa na haki ya kubeba barua za malkia. Uhuru ukaja, jumuiya ikavunjika mwaka 1977, meli ikabaki Tanzania, ikawa MV Victoria. Kwa vizazi kadhaa vya Kagera ndiyo ilikuwa njia: unapanda Bukoba au Kemondo jioni na ndizi zako, unaamka Mwanza. Wanafunzi, maharusi, majeneza, kahawa, vyote vilipita katika mlango uleule wa chuma. Mwaka 2014 ilisimama.

Kufufuliwa kwake kulianza kwa mkataba wa Septemba 2018 na kampuni ya Korea Kusini, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 22.7, na Agosti 2020 ilirudi kwenye njia ya Bukoba. Ganda ni lile la Glasgow, isipokuwa mabati yaliyochakaa. Mashine ni mpya, mitambo ya kuongozea ni mipya, vyumba vimevunjwa na kujengwa upya. Jina pia lilifanyiwa kazi: MV New Victoria, Hapa Kazi Tu, kaulimbiu ya kampeni ya Rais Magufuli ya mwaka 2015. Gatini Bukoba sijamsikia mtu akilitaja lote. Wanasema Victoria imefika, Victoria imechelewa. Kwao meli imeshinda mtihani kwa kurudi palepale, saa zilezile. Mabaharia wa zamani nao wana manung'uniko yao. Walizijua mashine za kwanza kwa sauti, wakiwa wamelala, na wanachokisikia sasa ni chombo kigeni kilichovaa nguo za rafiki yao.

Serikali inapofufua meli, ugomvi huishia kwenye vikao. Watu binafsi wakifufua kwa mapenzi, huwa mrefu na mchungu zaidi, na kuna mifano miwili ambayo napenda kuwasimulia mafundi wa kwetu, kwa kuwa huwafurahisha sana.

Wa kwanza umetoka jirani. Mwaka 1951 John Huston alikuja Uganda na Kongo kupiga filamu ya The African Queen, akiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ambayo ndani yake mashua mbovu inapelekwa kwa ujanja kuizamisha meli ya Kijerumani iliyobuniwa kwa mfano wa Götzen. Mashua ya kwenye filamu ilikuwa ya kweli, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi Ziwa Albert ikiitwa Livingstone. Baadaye ilivushwa hadi Marekani, ikabadilisha wenyewe, ikaoza, ikatengenezwa, na mwaka 2012 ikaanza tena kubeba watalii huko Key Largo, Florida. Lakini Uganda nako ipo mashua nyingine ya mvuke iliyofufuliwa, na wenye nayo husema nayo ilitumika katika filamu hiyohiyo. Inawezekana wote wana haki, kwa kuwa wapiga filamu hawategemei chombo kimoja. Hilo haliwaridhishi wanaouza tiketi. Fundi mmoja wa Kemondo alisikiliza hadi mwisho akauliza: ipi inavuja kidogo?

Wa pili ni wa Uingereza, na huu hawaucheki. Donald Campbell alikufa tarehe 4 Januari 1967 katika Ziwa Coniston, boti yake ya jeti, Bluebird K7, iliporuka ikiwa kwenye kasi inayozidi kilomita 480 kwa saa. Mwaka 2001 mhandisi Bill Smith, mzamiaji wa kujifurahisha, aliiibua. Familia ya Campbell iliikabidhi kwa makumbusho ya Ruskin pale Coniston mwaka 2006, na Smith na wajitoleaji wenzake wakaanza kuirudishia uhai. Mfuko wa urithi wa nchi hiyo ulikataa kutoa fedha, kwa hoja kwamba kuijenga boti upya ili ikimbie ni kufuta alama za ajali iliyoifanya ikumbukwe. Wajitoleaji waliendelea. Walinyoosha bati kwa bati, wakitumia kila kipande cha zamani kilichokubali, na kwa kuwa mtambo wake ulikuwa haufai waliweka mwingine wa aina ileile. Agosti 2018, kwenye Loch Fad, Uskoti, Bluebird iliteleza tena juu ya maji. Kisha ukazuka mzozo: nani anamiliki kazi ya mikono ya miaka yote hiyo, mwenye boti au aliyeifufua? Mawakili waliingia. Machi 2024 boti ilirudishwa Coniston.

Mafundi wa Muleba husikiliza kisa hiki kimya kwa sababu wanakijua. Mwenye boti huleta boti iliyokufa, bila fedha, wakakubaliana atalipa samaki wakianza kuingia. Fundi hutia mbao zake, misumari yake, siku zake. Boti ikisimama, mwenye nayo huja na nahodha na kuishusha majini alfajiri. Sheria iko upande wa jina lililo kwenye hati. Ufukweni, hata hivyo, watu wataendelea kuiita boti ya fundi fulani, na mwenye nayo akisikia hukasirika.

Kuhusu mbao, mimi niko na wanaong'oa. Kuhusu Bluebird, niko na waliotaka ikimbie, ingawa nakiri hoja ya makumbusho ina uzito: mkunjo wa bati ukishanyooshwa haurudi. Lakini katika kubishana juu ya sehemu ipi ni boti yenyewe, wafufuaji karibu wote, wa hapa na wa kule, huruka kitu ambacho hakionekani, hakipakwi rangi na hakuna anayejisifu nacho. Ni mizani ya chombo, yaani mahali uzito unapokaa.

Kagera hatuna ruhusa ya kulisahau hilo. MV Bukoba ilitengenezwa Ubelgiji na kuanza kazi mwaka 1979. Hati zake ziliruhusu abiria 430. Tatizo la kuyumba lilijulikana kwa miaka mingi kabla ya asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ilipopinduka ikikaribia Mwanza, baada ya kupakia Bukoba na kuongeza Kemondo. Zaidi ya watu 800 walikufa. Ganda lilielea juu chini kwa muda, ndani yake kukiwa na hewa na sauti za watu. Waokoaji walilitoboa ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikazama kabisa. Rangi ya meli ile haikuhusika na lolote.

Septemba 2018, mwezi uleule wa mkataba wa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Na miezi michache tu kabla, mashine zake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa. Aliyetazama mashine peke yake angesema kivuko kimepona.

Katika boti ndogo mambo ni yaleyale kwa kipimo kidogo. Mashine ya farasi 40 ina uzito wa karibu mara mbili ya ile ya 15. Boti iliyojengwa kwa 15 ikifufuliwa na kupewa 40, kwa sababu jirani ana 40, huketi kwa makalio: nyuma huzama, mbele hupanda, nahodha haoni, na wimbi la nyuma huingia bila kubisha hodi. Mbao ya zamani iliyokunywa maji kwa miaka ni nzito kuliko inavyoonekana. Paa la turubai na vyuma, ambalo abiria wa visiwani huliomba kwa sababu ya mvua, huweka uzito juu na kukamata upepo. Saruji ambayo baadhi ya watu humwaga chini kuziba mvujo huficha ubao unaooza na kuifanya boti ngumu kuibua ikijaa maji. Wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, huja na orodha yao, huhesabu maboya ya kujiokolea, huandika idadi ya abiria ubavuni, na hiyo ni kazi ya lazima. Lakini mabadiliko ya aina hii hufanyika baada ya mkaguzi kuondoka, siku za mbalamwezi, kwa ushindani. Nimeuliza mialo kadhaa nani huijaribu boti iliyofufuliwa kwa kuipakia magunia ya mchanga na kuiinamisha kabla ya kupanda watu. Jibu la mara kwa mara lilikuwa kwamba abiria wa kwanza ndio magunia.

Siku hizi kuna mshindani mpya, faiba. Januari 2024 Rais Samia alikabidhi Mwanza boti za kisasa kwa mikopo nafuu kwa wavuvi wa ukanda wa ziwa, na boti nyeupe zisizo na msumari hata mmoja zimeanza kuonekana kati ya zile za mbao. Hazilewi maji, na yule mdudu wa mwezi hana la kutafuna. Mafundi wa mbao huzipiga kwa kiganja na kusema zina sauti ya ndoo. Ukweli ni kwamba wanaogopa, na wana sababu, maana faiba ikipasuka inataka resini, kitambaa chake na mahali pakavu pa kufanyia kazi, vitu ambavyo mwalo wa Bukoba wenye mvua hautoi kwa urahisi. Wachache wameanza kujifunza kwa siri. Huwa ni wale wanaozitukana kwa sauti kubwa zaidi.

Wenye boti za mbao wana jibu lao, na hulitoa kila faiba ikisifiwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa boti za mbao na makasia, na watu 24 walitoka hai. Si hoja ya kiufundi. Lakini hakuna anayethubutu kuwaambia hivyo Nyamukazi.

Nyamukazi hiyohiyo ndiko liliko jumba la makumbusho la Kagera. Nimekuwa nikiwaza kwamba huko pangefaa kuwe na mtumbwi mmoja wa kushonwa, uliotengenezwa upya na mafundi wa Bukoba na Muleba, mkubwa wa kutosha kuelea na watu wazima kumi. Niliwatajia wazo hilo mafundi wawili ambao kwa kawaida hawaketi benchi moja. Wa kwanza alisema utashonwa kwa nyuzi za mimea ama hautashonwa kabisa. Wa pili alisema uzi wa nailoni wa nyavu ni imara zaidi, na mtumbwi unaozama mbele ya wageni ni aibu ya mkoa. Wa kwanza akauliza huyu lini alishona kitu. Wakahamia kwenye mti wa mkuku: mvule wa nani, ukatwe wapi, kwa kibali cha ofisi gani, na nani kati yao atashika shoka la kwanza. Nilipoondoka walikuwa wamefika kwenye jina, na kila mmoja alikuwa na la baba yake.